Kabla ya twiga wa Mikumi, waonyesheni ramani

Aliyesoma sekondari mkoa wa Morogoro anaijua safari ya shule. Basi la kukodi, nyimbo njia nzima, wali uliopoa mchana, jioni mnarudi mmeona twiga wa Mikumi. Nami nimepanda basi hilo, sina ugomvi nalo. Ila leo nataka kutetea safari nyingine: kuwachukua wasichana wa mahali kama Mabwerebwere, wilayani Kilosa, wakaone ramani inavyotengenezwa na waambiwe kwamba hiyo ni kazi, na wao wanaiweza.

Najua kuna atakayeguna. Jamani, ramani? Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1856 wasomi wa London walikuwa wakibishana juu ya ramani ya mmisionari Jakob Erhardt. Ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya nchi hizi. Erhardt hakufika huko; alikusanya maelezo ya wafanyabiashara wa pwani, akayaunganisha Nyasa, Tanganyika na Victoria yakawa ziwa moja. Waliozijua njia walikuwa wenyeji. Aliyeshika kalamu alikuwa mgeni.

Mwaka 1871 akapita Kilosa hii hii Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari kama mimi, akimtafuta Livingstone. Alihangaika kwenye maji ya masika tambarare ya Mkata, kisha akapanda bonde la mto Mkondoa, ambao yeye aliuandika Mukondokwa. Katika msafara wake alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, aliyekwisha kutembea na Burton na Speke tangu 1857. Bombay angalau jina lake tunalo. Wanawake waliotembea kwenye misafara ile, wengine na mizigo kichwani, majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Walipokuja Wajerumani, ramani ikawa chombo cha kutawala. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma 1914. Mashamba ya mkonge yakafuata reli. Ardhi ikapimwa, na mwanakijiji akaja kuonyeshwa mpaka ukiwa umeshachorwa.

Yaliyofuata Kilosa hayajasahaulika. Desemba 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika, nyumba na reli vikasombwa. Sisemi ramani peke yake ingezuia hayo. Ila mpaka uko wapi, maji yanapita wapi, ni maswali ambayo ramani nzuri huyajibu mapema.

Kama unadhani natia chumvi, twende Mugumu, Serengeti. Mwaka 2014 Rhobi Samwelly alianza kuendesha nyumba ya kuwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Sheria imekataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18 tangu 1998, lakini sheria haijui njia. Simu inapigwa usiku, kijiji kinatajwa, gari linatoka, na kijiji chenyewe hakimo kwenye ramani. Kuanzia 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map walianza kuchora barabara na nyumba kutoka picha za satelaiti, na wenyeji wakaongeza majina ya mahali kwa simu zao. Kazi hiyo iliingia OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa 2004. Mwaka huohuo wa 2015, Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo vikuu walipita mitaa inayofurika kuichora katika mradi wa Ramani Huria.

Sasa niungame. Kidato cha tatu tulikuwa na karatasi moja ya ramani kwa watu sita. Rula tulishika sisi wavulana. Kwenye kundi letu kulikuwa na dada mmoja aliyejua kila njia ya kwenda mtoni, maana ndiko alikochota maji. Kazi tuliyompa ni kuandika majina ya wanakundi. Tulimfanyia kama Stanley alivyomfanyia Bombay, na hata hatukujua.

Wasichana wa Mabwerebwere hawahitaji kwenda Serengeti. Morogoro mjini kuna Chuo cha Ardhi. Wapelekwe siku moja tu, washike kifaa cha GPS, waone picha za droni, wazungumze na dada mpima ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, angalau watatu wawe wanawake. Viti vipo. Swali ni kama watakaovikalia wataisoma ramani wenyewe, au watasomewa.

Twiga wa Mikumi hawaendi popote. Safari ya kwanza iwe ipi, ndugu zangu?