Ukuaji wa kiroho

Ukuaji wa kiroho ni hali ya Mkristo kuendelea kukomaa katika imani, tumaini na upendo baada ya kubatizwa au kuokoka. Waraka wa Pili wa Petro (3:18) unawaagiza waamini wakue katika neema na katika kumjua Kristo. Wanateolojia huita ukuaji huo utakaso.

Katika Sudan Kusini, wakati huo sehemu ya Sudan, kazi ya kuwalea waamini katika ukuaji huo iliachiwa wenyeji mwaka 1964, serikali ya Khartoum ilipowafukuza wamisionari wa kigeni. Makatekista na wachungaji wazalendo, wengi wao bila elimu kubwa ya seminari, waliiendeleza hata msituni na kambini wakati wa vita. Mchango wao unastahili heshima zaidi kuliko unayopewa.

Mjini Juba waamini hulelewa kwa sala, Biblia, nyimbo, toba na ushirika, Wakatoliki wakiongeza kitubio na Ekaristi. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 2013, msamaha kati ya makabila umekuwa kipimo kigumu cha ukomavu huo. Februari 2023 Papa Francis, Justin Welby, wakati huo Askofu Mkuu wa Canterbury, na Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland walisali pamoja mjini humo kuombea amani.