Jembe au Nyumba: Namna Kanda ya Ziwa Ilivyofundishwa Kupiga Kura

Septemba 1965 mpigakura wa Mwanza alipewa karatasi yenye picha mbili, moja ya jembe na nyingine ya nyumba. Chama kilikuwa kimoja tu, TANU, ila karibu kila jimbo la Tanganyika lilikuwa na wagombea wawili, na kwa kuwa watu wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama yake. Ukimtaka huyu, jembe. Ukimtaka yule, nyumba. Basi.

Mimi nadhani karatasi ile ndiyo zana ya kufundishia uraia iliyofika mbali kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Hakuna kitabu cha shule kilichowahi kuingia kila kijiji kwa siku moja namna ile. Na nguvu yake ilionekana mapema. Nani anakula bila jembe? Sawa, lakini mvua ikinyesha usiku utajifunika jembe? Mikutano iliandaliwa na chama chenyewe, wagombea wote wawili jukwaa moja, wakikatazwa kugusa kabila, dini au rangi ya mtu, na wakitakiwa kuzungumza Kiswahili. Hilo la Kiswahili lipime kwa Usukuma wa miaka ile. Bibi wa Magu aliyeketi mstari wa mbele huenda hotuba ilimpita nusu nzima, lakini jembe alilijua.

Sasa angalia alichokifanya nalo. Katika uchaguzi ule Paul Bomani, Waziri wa Fedha wa Jamhuri, alishindwa hapa hapa Mwanza. Huyu si mtu aliyeletwa kutoka Dar es Salaam. Ndiye aliyekuwa mbele katika kuwakusanya wakulima wa pamba mpaka ukazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ule muungano wa vyama vya ushirika ambao watu wa ziwa hawakuhangaika na jina lake refu, waliuita VFCU tu. Jina kubwa kuliko lake lilikuwa gumu kupatikana kando ya ziwa, na bado watu waliweka alama kwenye picha nyingine. Mwalimu alimteua tena kuingia Bungeni, akaendelea na uwaziri, baadaye akawa balozi Marekani kwa miaka mingi. Lakini somo lilikuwa limeshatolewa.

Nani aliwafundisha? Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu tukizungumzia elimu ya uchaguzi akili inakimbilia darasani, kwenye chaki na ubao. Usukumani darasa la kwanza la siasa lilikuwa mizani. Mkulima wa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 alibeba pamba yake mpaka kwa mnunuzi, ikapimwa, akaambiwa uzito, na hakuwa na namna ya kubisha. Alihisi anaibiwa. Vuguvugu la ushirika lilianzia pale, kwenye madai kwamba wakulima wawe na wapimaji wao wenyewe. Vikafuata vyama vya msingi, wanachama wakichagua kamati, wakisomewa hesabu, wakiuliza pesa zimekwenda wapi. Mtu aliyekaa kwenye mkutano wa chama cha pamba alishajua mwenyekiti ni nini kabla hajasikia neno Bunge.

Na hata kabla ya pamba, tusijidanganye kwamba watu walikuwa kama ubao mtupu. Vijana wa Kisukuma walikuwa na umoja wao wa kazi kijijini na kiongozi wao, nsumba ntale, waliyemweka wenyewe. Mtemi naye hakujitawaza. Kulikuwa na wazee ambao kazi yao ilikuwa hiyo. Ukifika Bujora, pale Kisesa, nje kidogo ya jiji, utaona jumba la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani mna ngoma na vitu vya tawala za zamani. Ningekuwa na mamlaka, kila mwanafunzi wa Uraia wa mkoa huu angepelekwa Bujora kabla ya kuandikishwa fasili ya neno demokrasia.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na mtaala wake. TANU ilizuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958. Mwaka huo huo wa 1958 Geita ilichafuka kwa sababu ya halmashauri ya mchanganyiko wa rangi ambayo watu hawakuitaka, wakaandamana mpaka Mwanza kudai kusikilizwa. Kisha ukaja uchaguzi wa Kura Tatu, 1958 na 1959. Ili upige kura ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachokubalika. Na ukishapata karatasi hukuruhusiwa kumchagua mtu wako mmoja ukaondoka. Ilibidi uchague watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yako imeharibika. TANU ilibishana sana Tabora Januari 1958 kabla ya kukubali kushiriki. Ukiniuliza mimi, Kura Tatu nayo ilikuwa zana ya kufundishia, na ilifundisha vizuri mno: watu walijifunza kwamba kanuni za kupiga kura zinaweza kuamua mambo kabla kura yenyewe haijapigwa.

Baada ya Uhuru tukapata zana za aina nyingine. Mwaka 1970, ambao ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Uchaguzi ni Wako. Ilikuwa ya pili, ya kwanza ikiwa Kupanga ni Kuchagua ya 1969. Utaratibu ulikuwa rahisi, na mimi naona ulikuwa wa akili sana: redio moja, kikundi cha watu, kiongozi aliyepewa maelekezo, na kijitabu. Mnasikiliza kipindi, mnazima redio, mnajadili. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyozaa Mtu ni Afya ya 1973, iliyowakusanya watu karibu milioni mbili, na ambayo wazazi wetu wanaikumbuka zaidi kwa sababu ya vyoo.

Wakati huo Mwanza ilikuwa makao makuu ya mradi wa majaribio wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, kuanzia 1968 hadi 1972, ukihudumia mikoa ya ziwa. Vitabu vyake vilifundisha herufi kwa kazi ya mtu: pamba, migomba, uvuvi, mifugo. Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizopewa jukumu la kufuta ujinga wa kutojua kusoma mpaka mwisho wa 1971, kabla ya wengine. Mwaka 1974 likaanza hapa Mwanza gazeti la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho. Jina tamu, halihitaji maelezo.

Lakini hapa ndipo roho inaponigomba. Uchaguzi ni Wako. Wako kweli? Kwa mbunge, ndiyo, kama Bomani alivyogundua. Kwa rais, mwaka huo wa 1970, ulikuwa na jina moja na nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Kwa chama, hukuulizwa. Shuleni kulikuwa na somo la Siasa, na Siasa ilikuwa na majibu yake tayari. Mtu angeweza kufundishwa vizuri kabisa kuchagua kati ya jembe na nyumba bila kuuliza ni nani aliyechora picha zile. Mambo yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja: zana zile ziliwapa watu wazima wa vijijini heshima ambayo hawakuwahi kupewa na serikali yoyote, na ziliweka mpaka wa maswali. Nawaona wanaosifia upande mmoja tu, sikubaliani nao, wa upande wowote.

Maswali yaliyoachwa nje ya kijitabu yalikimbilia kwenye fasihi. Mwalimu mwenyewe, mzaliwa wa Butiama, alituwekea mezani Juliasi Kaizari, tafsiri yake ya Shakespeare iliyotoka kwanza 1963. Kwa mwalimu wa leo anayetafuta namna ya kufundisha hotuba za kampeni, onyesho la umati unaobadili mawazo mara mbili mbele ya maiti linatosha kipindi kizima. Na Ukerewe, ile ile ya kisomo, ilimtoa Euphrase Kezilahabi wa Namagondo. Gamba la Nyoka, 1979, inaingia vijijini wakati wa kuhamishwa watu na kuuliza nani aliamua. Kaptula la Marx, tamthilia aliyoiandika miaka ya sabini, haikuchapishwa mpaka 1999. Miaka ishirini hivi mswada ukisubiri! Huo peke yake ni somo la serikali na uhuru wa maoni, na halina gharama.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi kisheria, ingawa Tume ya Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliohojiwa wakitaka chama kimoja kiendelee. Somo la Siasa likaipisha Uraia. Jembe na nyumba vikaingia makumbusho. Ila mkono wa mpigakura wa Mwanza haukusahau: mwaka 2010 Lawrence Masha, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliangushwa Nyamagana na Ezekia Wenje wa CHADEMA. Miaka 45 baada ya Bomani, waziri mwingine, jiji lile lile. Mwanafunzi wangapi wa hapa wamewahi kuwekewa matukio hayo mawili ubavuni wakaulizwa yanafanana wapi na yanatofautiana wapi? Wanakaririshwa sifa za uchaguzi huru na wa haki, (i) mpaka (vi), mtihani unakuja, wanazitema, kwaheri.

Rafiki yangu anafundisha Uraia sekondari moja upande wa Sengerema. Darasa lina watoto wengi kuliko madawati. Vifaa vya serikali hana, kwa hiyo uchaguzi wa viranja huufanya mwenyewe: boksi la sabuni lililotobolewa juu, karatasi za daftari, kalamu ya wino wa bluu ya kupaka kidoleni. Nilikwenda kumtembelea mwaka mmoja nikakuta zoezi limesimama. Binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa mkulima wa pamba, alikuwa wa kwanza kwenye foleni na amegoma kutumbukiza karatasi yake.

“Mwalimu, shikamoo. Naomba ufungue kwanza tuone ndani.”

Akalifungua, akaligeuza juu chini mbele ya darasa, na foleni ikaanza kusogea.