Mchoro wa Mali Kauli

Tafuta barua yoyote ya serikali, au jalada la pasipoti kama umejaliwa kuwa nayo, uitazame nembo ya taifa. Mtaani tunaiita Bibi na Bwana. Wamesimama juu ya mlima Kilimanjaro, wameshika pembe za ndovu, na katikati yao ipo ngao. Miguuni pa bwana kuna mkarafuu. Miguuni pa bibi kuna mmea ambao sisi wa Bariadi hatuhitaji kuelezwa. Ni pamba, ile ile iliyotulipia ada.

Shuleni tulikaririshwa maana ya kila kitu kilichomo: mwenge, shoka, jembe, mkuki, mawimbi, na maneno Uhuru na Umoja. Mwalimu akiuliza, mikono inakwenda juu darasa zima. Lakini aliyeshika penseli na kuvipanga vitu vyote hivyo vikakaa vizuri mahali padogo namna ile ni nani? Jina lake halikuwemo katika daftari langu, na sidhani lilikuwemo katika lako.

Mei 2017 taifa zima lilikumbushwa swali hilo kwa namna ya kusikitisha. Magazeti na televisheni yalimwonyesha mzee mmoja mgonjwa, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, akiishi maisha ya dhiki Buguruni, Dar es Salaam. Aliitwa Francis Maige Kanyasu, lakini majirani walimzoea kwa jina la Mzee Ngosha. Kwetu Usukumani ngosha maana yake ni mwanamume. Mzee huyo alisema alishiriki kuchora nembo ya taifa wakati wa Uhuru. Watu wakashtuka, viongozi wakafika, akapelekwa hospitali ya Amana na baadaye Muhimbili. Mwezi ule ule akafariki dunia.

Basi ubishi ukaanza. Wapo waliomwita mchoraji wa nembo bila wasiwasi. Wapo wanaolitaja jina la Jeremiah Wisdom Kabati. Wapo wanaosema nembo kama ile haichorwi na mtu mmoja. Mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha nne na sina mamlaka ya kukata kesi hiyo. Tena nembo yenyewe ilipita hatua zaidi ya moja: ilianza na Tanganyika huru mwaka 1961, kisha baada ya Muungano wa 1964 bendera ya Muungano ikaingia ndani ya ngao. Ninachouliza ni hiki: inakuwaje mchoro unaoonekana kila ofisi ya nchi nzima ubishaniwe mwenyewe ni nani, wakati gunia la pamba likipimwa kwenye mzani linaandikiwa stakabadhi siku hiyo hiyo?

Nadhani jibu ni kwamba pamba tunaihesabu kuwa mali, na mchoro tunauhesabu kuwa kipaji. Kipaji, eti, mtu amepewa bure na Mungu, basi na yeye akitoe bure.

Wafanyabiashara wana neno lao, mali kauli. Unachukua mzigo kwa mdomo tu, ukiuza unarudisha fedha ya watu. Siyo jambo baya, maduka mengi yamesimama kwa njia hiyo. Ila katika mali kauli mzigo una bei tangu mwanzo, na usipouzika unarudi kwa mwenyewe. Mchoro haurudi. Tajiri akishauona ameshaupata, upo kichwani mwake.

Pita mitaa ya Somanda uone jinsi mambo yanavyokwenda. Mtu anafungua duka la pembejeo, au saluni, au kikundi cha vijana wanataka nembo ya fulana za Nane Nane. Anawaita wachoraji watatu, kila mmoja kwa wakati wake. "Kijana wangu, wewe chora kwanza tuone. Ukitufurahisha tutakulipa." Kijana anajibu, "Sawa mzee," anakwenda kukesha. Rafiki yangu mmoja, fundi wa mabango, alikesha hivyo siku tatu. Akaambiwa mchoro wake haukupendeza. Baada ya wiki mbili akaukuta ukutani, umechorwa na mkono mwingine kwa rangi za bei poa. Rafiki yangu alicheka tu, maana angelia angeonekana mtoto. Angeshtaki kwa ushahidi gani?

Wazee wa pwani walilielewa mapema suala la mchoro na fedha. Chukua kanga. Nguo hiyo ilishika soko katika miji ya Waswahili kama Unguja na Mombasa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, na nyingi zilipigwa chapa ng'ambo, Uingereza, Uholanzi na India. Kitambaa chenyewe ni pamba tu. Ila mfanyabiashara alijua kwamba pindo likikaa vibaya, mji ukiwa hauna mvuto, au jina likiwa halisemi kitu, akina mama hawanunui na mzigo mzima utalala dukani. Kule Mombasa nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887, ikawa inatia alama yake kwenye kanga: Mali ya Abdulla. Hadi leo mama akiyaona maneno hayo anajua kanga imetoka kwa nani. Tajiri aliweka jina lake. Aliyechora pindo na aliyetunga methali wamepotea.

Hapo nafikiria mkoa wetu. Simiyu, tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, unasifika kwa pamba kuliko mikoa mingine. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huondoka ikiwa nyuzi tupu, haijafumwa wala kutiwa ua. Kati ya nyuzi na kanga kuna mashine, ni kweli, lakini kuna mchoraji pia. Sisi tunauza upande usio na mchoro, kisha tunanunua wenye mchoro.

Sasa mtazame Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alianza kuchora mwaka 1968, akitumia vipande vya ubao na rangi ya baiskeli. Picha ziliuzwa karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, wanunuzi wengi wakiwa wageni. Naye alibahatisha, maana alichora kabla ya kujua nani atanunua. Lakini tofauti ipo, na ni kubwa. Picha ilibaki mkononi mwake mpaka fedha iingie mkononi mwake. Na alichora alichotaka mwenyewe. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa akafa, baada ya miaka minne tu ya kazi. Wanafunzi wake walikuwepo, wakaendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Jina lake likawa jina la mtindo mzima. Hakuacha utajiri, ila hakuna anayebishana kuhusu Tingatinga alikuwa nani.

Na huko Marekani, mwaka 1971, mwanafunzi mmoja wa chuo aitwaye Carolyn Davidson alichora ile alama ya kampuni ya viatu ya Nike. Alilipwa dola 35. Wengi wanaicheka hadithi hiyo, wanasema aliibiwa mchana kweupe. Mimi naisoma kwa jicho lingine. Malipo yalikuwa madogo, lakini yalikuwa malipo, tena ya kuhesabu saa za kazi. Ilijulikana nani alichora, lini, na kwa nani. Kwa hiyo mwaka 1983 kampuni ilipokuwa imetajirika ilimwita ikampa hisa. Ilijua pa kugonga hodi.

Sasa linganisha na Buguruni. Siyo lazima serikali ya mwaka 1961 ingemlipa mtu mamilioni. Ingetosha jina kuandikwa na kufundishwa pamoja na mwenge na jembe. Risiti ndogo ni historia. Pasipo risiti inabaki kumbukumbu ya mzee mgonjwa, na kumbukumbu ya mzee mgonjwa kila mtu anaweza kuitilia shaka.

Najua utaniuliza: sisi vijana tusio na jina tutafanyaje? Tukikataa kuchora bure, si atachukuliwa mwingine? Ni kweli, njaa haina subira. Na mwenye duka dogo wa Bariadi hana fedha za kampuni ya Dar. Sikatai. Lakini kazi ya bei ndogo ni kitu kimoja, na kazi ya kubahatisha ni kitu kingine. Punguza bei ukipenda, ila bei iwepo. Chukua hata robo kabla ya kushika penseli. Hiyo robo ndiyo inayomfanya mteja akae chini akueleze anauza nini, kwa nani, bango litasomwa na mtu anayetembea au aliye juu ya pikipiki. Mchoraji wa kweli anaanza na maswali hayo. Aliyeitwa kubahatisha haulizi kitu, anapaka rangi nyingi ili ashangaze. Ndiyo maana mteja wa bure mara nyingi anapata bango zuri lisilosomeka, na mwaka ukiisha analipaka upya. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Utaalamu huo una thamani hapa hapa kwetu. Vijana wa Maswa walipoanza kutengeneza chaki, na wenzao wa Meatu kusindika maziwa, wakati wa mpango wa wilaya moja bidhaa moja, hawakuweza kupeleka sokoni chaki na maziwa peke yake. Chaki ni nyeupe kila mahali. Inahitaji boksi, na boksi linahitaji mtu anayejua kupanga maandishi.

Na sisi tunaoandika tusijitoe. Kila mmoja wetu humu ndani anaiota riwaya yake, na riwaya inataka jalada. Tunalalamika mchapaji akitaka mswada wa bure, kisha tunamfuata mchoraji na maneno yale yale: chora kwanza, kitabu kikitoka tutaonana. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda mchoro kama inavyolinda riwaya. Ila sheria haitakusaidia sana kama hamkuandikiana.

Kwa hiyo, wewe mwenye mswada kabatini, kabla ya kumwendea mchoraji chukua karatasi moja ya daftari. Andika jina lake, jina lako, tarehe, kazi yenyewe, kiasi mlichopatana na ulichotanguliza. Wekeni sahihi wote wawili, kila mtu abaki na nakala. Na kitabu kikitoka, jina lake lichapwe ndani, ukurasa wa kwanza kabisa, kwa herufi zinazosomeka.