Utakasaji wa vifaa vya upasuaji wa macho (Shinyanga na Geita)

Utakasaji wa vifaa vya upasuaji wa macho ni kuua vijidudu vyote, pamoja na spora zake, kwenye vifaa vilivyokwisha kutumika ili vitumike tena. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita kazi hii huhusu hasa mikasi, vibanio na vishikizo vya sindano vya upasuaji wa mtoto wa jicho na vikope, pamoja na majeraha ya wachimbaji wadogo wanaorukiwa na vipande vya mawe wanapoponda mbale.

Vifaa vya chuma hutakaswa kwa otoklevu: mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi kwa angalau dakika 15. Hapa mwinuko una neno lake. Mji wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Geji inaposoma pauni 15 kwa inchi ya mraba, kipimo kinachotosha Dar es Salaam, joto ndani ya otoklevu ya Shinyanga ni karibu nyuzi 119 tu. Inafaa geji ifike pauni 17. Hewa nayo itolewe yote kabla ya kufunga vali. Utepe wa pakiti ya vifaa, wenye mistari inayogeuka kuwa myeusi, huthibitisha tu kwamba pakiti imepita kwenye joto, si kwamba kilichomo kimetakasika.

Kabla ya mvuke ni kuosha, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Ute unaotumika ndani ya jicho wakati wa upasuaji ukikauka ndani ya kifaa chenye mrija mwembamba, mvuke hauuondoi, na mabaki ya sabuni yanaweza kuwasha jicho hata kama hakuna kijidudu. Mirija husukumwa maji safi kwa bomba la sindano mara tu baada ya upasuaji, na suuza ya mwisho huwa ya maji yaliyotoneshwa.

Vifaa vya leza vina utaratibu wake. Leza ya YAG, inayofungua utando ulioingia ukungu baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, haiingizi chombo ndani ya jicho. Lenzi inayogusa kioo cha jicho ndiyo huoshwa na kuuliwa vijidudu. Kijiti cha leza ya retina ni suala jingine. Kina uzi wa kioo ndani ya bomba jembamba la chuma, na pakiti yake mara nyingi huwa na alama ya 2 iliyokatwa mstari: kitumike mara moja tu. Joto la otoklevu linaweza kukiharibu. Baadhi ya hospitali duniani hukitakasa kwa gesi ya ethilini oksaidi, inayohitaji saa nyingi za kupunga hewa. Pasipo mashine ya gesi hiyo, kijiti hicho kisirudiwe.