Ugunduzi Unaostaafisha Kuta

Mwaka 1991 Sid Meier na Bruce Shelley walitoa Civilization, mchezo wa kompyuta ambao wachezaji huongoza mataifa kwa zamu, tangu enzi za kale hadi safari za anga za juu. Ndani yake waliweka sheria ambayo naihesabu kuwa somo bora la historia katika mchezo mzima: jengo hupitwa na wakati. Umejenga kambi za kufunzia askari na kuzigharamia kwa karne nyingi, kisha unagundua baruti, na kambi zile hazina kazi tena. Huna budi kujenga upya. Michezo mingi huichukulia elimu kuwa faida tupu. Huu ulidai kwamba elimu ina gharama yake, na anayeilipa ni yule yule aliyeitafuta.

Sheria hiyo ilikomaa katika toleo la nne, la mwaka 2005. Humo nyumba ya watawa huongeza utafiti wa mji kwa asilimia 10, lakini taifa likishapata mbinu ya kisayansi nyongeza hiyo hukatika, wala nyumba nyingine haijengwi. Maktaba Kuu nayo hukoma kwa ugunduzi huo huo. Kwa hiyo mchezaji stadi huweza kuuchelewesha makusudi, akipima anachokipata na anachokipoteza, kama tawala nyingi zilivyowahi kusita mbele ya jambo jipya.

Wapo wanaolalamika kwamba huku ni kumnyang'anya mchezaji jasho lake. Toleo la tano, la 2010, liliwasikiliza: karibu majengo yote hudumu na faida zake hadi mwisho. Kwa maoni yangu hapo ndipo historia ilipopungua uzito, kwa kuwa hakuna tena sababu ya kusita. Pingamizi zito zaidi ni la wanahistoria, kwamba jengo halifi siku moja kwa sababu ya ugunduzi. Itazameni Ngome ya Yesu, Mombasa. Wareno waliijenga kuanzia 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati: kuta nene na pembe zilizochomoza nje, kwa kuwa mizinga ilikwisha kuzishinda kuta ndefu zilizosimama wima. Mwaka 1698 Waomani waliitwaa baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na maradhi na njaa. Kuanzia 1895 ikawa jela. Leo ni makumbusho.

Pingamizi hilo ni la haki, ila linataka sheria irekebishwe, si ifutwe. Toleo la nne lilikwisha kuanza kazi hiyo, kwani nyumba ya watawa iliyopitwa na wakati huendelea kuupa mji utamaduni. Watunzi wa michezo wairudishe sheria hii, kisha wampe mchezaji uwezo wa kuigeuza ngome yake iliyostaafu kuwa jela, na jela kuwa makumbusho.