Marejeo ni Ngamani

Wahenga wa pwani walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia yamfaa pia mtu aliyezaliwa mbali na bahari ya chumvi, kijijini Butiama, mwaka 1922: Julius Kambarage Nyerere, mwana wa mtemi wa Wazanaki.

Wengi huihesabu safari yake ya ugenini tangu 1949, alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Lakini ugeni wake wa kwanza ulikuwa wa karibu zaidi. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alitoka Butiama kwenda Musoma, katika shule ya Mwisenge. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kizanaki. Kiswahili, ambacho sisi tulikinyonya kwa mama zetu, yeye alikisomea. Kisha zikaja Tabora na Makerere, na Kiingereza juu yake.

Huko Edinburgh alisoma fasihi ya Kiingereza, historia, uchumi, sheria za katiba na falsafa ya maadili, akarejea na shahada mwaka 1952. Akafundisha Pugu, na 1954 TANU ikaundwa. Ya siasa yamekwisha kuandikwa mno; tuyatazame ya kalamu.

Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri ya *Julius Caesar* ya Shakespeare; mwaka 1969 ikafuata *Mabepari wa Venisi*. Mistari yake haina vina, kwa kuifuata asili ya Kiingereza. Kwa sikio la pwani, lililolelewa kwa vina na mizani, jambo hilo lilikuwa geni. Yuko atakayesema kwamba hapo ndipo Uzungu ulipomteka. Mimi naona kinyume chake: aliyetekwa huwaacha watu wake akahamia kwa wenyeji wake, huyu aliwachukua wenyeji wake akawaleta kwetu, wakaseme Kiswahili.

Wala hakukomea hapo. Mwaka 1996, uzeeni, alitoa Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi, kwa mizani 8 na vina vyake. Mwanafunzi wa Mwisenge akaketi jamvi moja na watunzi wa Pate na Lamu.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Basi kijana atokaye leo Bunda au Unguja kwenda kusoma ng'ambo, asiulizwe shahada peke yake. Aulizwe pia: umewaletea nini wasiosafiri, na umewaambia kwa lugha gani?