Zamu ya Kusikilizwa

Mzazi anayesomesha watoto watatu nyumbani, mdogo wa chekechea, wa kati darasa la tatu na mkubwa la sita, huishiwa na asubuhi kabla masomo hayajafika nusu. Mkubwa amekwama kwenye hesabu za sehemu, wa kati anangoja imla, mdogo keshaanza kuchora ukutani. Ushauri anaopewa kila mara ni ratiba: gawa asubuhi mafungu matatu, kila mtoto apate lake. Sina ugomvi na ratiba. Ila kabla ya kugawa saa, mzazi sharti ajue ni kitu gani hasa watoto hao wanakigombea kwake. Mapokeo mawili ya Kiingereza na moja la pwani yetu yamelijibu swali hilo, kila moja kwa njia yake, na kwa maoni yangu la pwani, ambalo siku hizi wengi wetu tunalikumbuka kwa bakora tu, ndilo lililofika karibu zaidi na jibu.

Tazama chuo cha Kurani. Mara nyingi ni chumba kimoja, au baraza ya nyumba ya mwalimu. Juu ya jamvi moja yupo anayejifunza herufi, yupo anayeziunganisha, yupo aliyeingia juzuu ya Amma, na yupo anayekaribia kuhitimu. Wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja, na mpita njia asiyekijua chuo atadhani ni vurugu. Kumbe kila mtoto ana kipande chake cha siku hiyo, na kila mtoto atafikiwa na zamu ya kukaa mbele ya mwalimu asikilizwe. Akisoma sawasawa anapewa kipande kipya, akikosea anarudi na kile kile. Hapana darasa zima la kulisubiri, wala darasa la kuachwa nyuma nalo. Mwenye miaka 8 akimpita mwenye miaka 11, maisha yanaendelea. Wakubwa huwasikiliza wadogo, tena huwasahihisha, lakini ruhusa ya kusonga mbele hutoka kwa mwalimu. Kazi yake kubwa ni kusikiliza, na maelezo yake huwa mafupi.

Mwishoni mwa karne ya 18 Waingereza walikumbana na tatizo hilo hilo, la mwalimu mmoja na watoto wengi wa viwango mbalimbali, kwa ukubwa wa kutisha. Andrew Bell, kasisi wa Kiskoti aliyesimamia kituo cha mayatima huko Madras, India, aliona watoto wa Kihindi wakiandika kwa vidole mchangani. Alipotaka kuiga njia hiyo na walimu wake wakasitasita, alimpa kazi hiyo mvulana wa miaka 8, naye akaiweza. Bell alichapisha taarifa yake London mwaka 1797. Mwaka uliofuata Joseph Lancaster alianza shule yake Southwark, na baadaye akadai kwamba kwa msaada wa viranja mwalimu mmoja angeweza kusomesha watoto 1,000. Watoto walisimama nusu duara mbele ya karatasi kubwa zilizotundikwa ukutani, kiranja akionyesha maneno kwa kijiti. Lancaster alifanya jambo moja la busara: alipanga vikundi vya kusoma mbali na vya hesabu, mtoto akaweza kuwa juu huku na chini kule. Hili lichukuliwe bila kusita, maana nyumbani hakuna anayemlazimisha mtoto awe "la tatu" kwa kila somo. Lakini mwalimu wake mkuu alisimamia utaratibu tu. Mtoto angeweza kumaliza wiki bila mtu mzima hata mmoja kumsikia akisoma.

Hapo ndipo ninapoogopa kwa ajili ya mtoto wa kwanza katika nyumba zinazosomesha. Ni rahisi mno kumgeuza kiranja wa kudumu. Kumsikiliza mdogo wake dakika kumi kunamwimarisha. Kumfundisha asubuhi nzima kunamnyima shule yake mwenyewe.

Charlotte Mason, aliyechapisha kitabu chake cha elimu ya nyumbani mwaka 1886 na kufungua chuo cha walezi na walimu huko Ambleside mwaka 1892, alipita njia nyingine. Masomo ya wadogo yasizidi dakika 20 hivi. Kitabu kizuri kisomwe mara moja tu, kisha mtoto asimulie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Kwa njia hii hadithi moja ya historia inaweza kuwahudumia watoto wawili au watatu kwa pamoja: wa kati anasimulia kisa, mkubwa anaandika, mdogo anachukua anachokiweza. Na hapa Mason anaziba pengo la chuo cha Kurani, kwa kuwa mtoto wa chuoni anaweza kusoma kurasa nyingi bila kosa, bila kujua maana yake.

Kwa hiyo mama wa Tanga au Mombasa mwenye watoto watatu ningemshauri hivi: historia, hadithi na maarifa ya mimea na wadudu wasome pamoja, wasimulie. Kusoma na hesabu zifuate mwendo wa chuo: kila mtoto na kipande chake, na zamu fupi ya kila siku ambayo haikatwi na simu wala chungu jikoni. Siku ikiharibika, ratiba iachwe na zamu zibaki.

Mkubwa atakapofika kwenye aljebra na mama akaona hapawezi, mapokeo ya darsa, yaani masomo ya dini yanayofuata baada ya chuo, yana utaratibu wa zamani: mwanafunzi humfuata sheikh huyu kwa kitabu cha nahau na yule kwa cha fikihi, na sheikh wa kwanza haoni amevunjiwa heshima. Mjomba mhandisi, au jirani aliyestaafu ualimu, apewe zamu hiyo moja mara mbili kwa wiki, na mama aendelee kusikiliza masomo mengine yote.